Pazia Lilitoka Vizuri

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mtu wa hadhi yangu asiache kumbukumbu zake mikononi mwa wengine, hasa wakwe.

Picha za sherehe ya kustaafu ya mama mkwe zimetoka. Miaka thelathini na minne ya ualimu, kumi na minane kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu. Ukumbi ulijaa. Hotuba saba. Mpigapicha rasmi: mimi, mkwe wake. Nilipiga picha mia tatu na arobaini. Pazia la nyuma ya jukwaa limetoka vizuri ajabu, unaweza kuhesabu nyuzi. Mama mkwe mwenyewe ni ukungu uliovaa miwani.

Nilimpelekea bahasha nyumbani. Akazipitia moja moja, kimya, kama anayesahihisha madaftari. Alipofika ya mwisho akaniuliza kwa upole lile pazia lilifanya kazi shuleni miaka mingapi, maana anaona ndilo lililokuwa linaagwa.

Nikamweleza kuwa kosa ni la kamera. Fokasi yake imezeeka. Ikiona mtu na pazia, inachagua pazia. Akasema alishawahi kuwa na walimu waliolaumu chaki.

Nyumbani, mke wangu naye. Yeye ni karani wa mahakama, mtu wa kukumbuka shahidi alisema nini mwaka juzi na alikuwa amevaa nini. Akanikumbusha kwamba kamera hiyohiyo ilimpiga mbwa wa jirani akiwa mbioni, na mbwa akatoka mpaka masharubu. Nikasema mbwa ni rahisi. Akauliza siku ile kamera alikuwa ameishika nani.

Nikaenda kuchaji betri. Alikuwa yeye.

Jumanne, 4 Machi

Studio tangu asubuhi. Chumba changu kiko nyuma ya duka la dawa: kitambaa cha buluu ukutani, kioo, chanuo lililofungwa kwa kamba, stuli yenye mguu mmoja mfupi. Wateja watatu wa picha za pasipoti. Wote walikaa tuli kama mitungi. Wawili wametoka. Wa tatu nimemwambia arudi kesho, mwanga haukuwa upande wake.

Sasa jambo zito. Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Nilijua kazi ni yangu. Hata sikuulizwa, ndivyo ilivyo wazi. Leo mke wangu ananiambia, huku anapiga pasi, kwamba mama yake amemtaja Kope.

Kope! Niandike ijulikane. Huyu mwanamke alikuwa fundi cherehani mtaa wa pili. Aliyemfundisha kamera ni mimi. Mimi nilimwonyesha betri inaingilia wapi. Leo hakuna sherehe asiyoitwa, na jina la Kope wamempa watu kwa sababu kwenye picha zake unaona kope za macho za kila mmoja, hata za bibi aliyekaa safu ya nyuma akisinzia. Mimi ananiita Mwalimu. Mbele za watu, kwa heshima zote. Kila akiniita hivyo nahisi nimekanyagwa kidole na kupewa pole papo hapo.

Lakini siri yake nimeijua. Ana kamera ya mfumo mpya. Inalitafuta jicho la mtu yenyewe, inalizungushia kijisanduku cha kijani, na mtu acheze, aruke, agaregare, kijisanduku hakibanduki. Kwa hiyo si yeye. Ni kijisanduku.

Moyo umetulia. Tatizo langu lina dawa, na dawa inauzwa dukani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa muuza kamera. Mzee mwembamba, anavaa koti hata kukiwa na joto, anafuta kioo cha kaunta wakati wote unaoongea naye. Nikamwambia nataka kuhama mfumo. Akaacha kufuta.

Akaniambia nifikiri vizuri. Kuhama mfumo si kubadili kamera tu. Lenzi zangu zote tano hazitaingia kwenye ile mpya. Betri hazitaingia. Chaja haitaingia. Flashi nayo itagoma. Alisema ni kama talaka: unatoka na nguo ulizovaa, watoto wanabaki.

Ilinichoma. Lenzi zile nina miaka kumi na miwili nazo. Ile ndefu ina mkwaruzo pembeni wa siku niliyoanguka nayo uwanjani nikifuata mpira wa kona. Ile fupi ndiyo iliyompiga mke wangu kabla hajawa mke wangu. Hakutoka vizuri, lakini alikubali kuolewa.

Akakubali kuniazima ile mpya hadi Jumamosi niijaribu. Nimemwachia kitambulisho. Kwenye kitambulisho hicho picha yangu nilijipiga mwenyewe, na muuzaji alikiangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaniangalia mimi, akakiangalia tena.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio. Nimelifanyia sebuleni kwa mama mkwe ili aone kwa macho yake na afute jina la Kope.

Nikamkalisha kwenye kiti chake cha mikono. Akakaa wima, mikono mapajani, vilevile anavyokaa kwenye picha zote ambazo hazikutoka. Nikaiwasha. Kijisanduku cha kijani kikatokea kama nilivyoahidiwa. Nikabonyeza mara kumi na mbili. Mlio wake mtamu, kama mtu anayekata karatasi mpya.

Tukaangalia. Mama mkwe ni ukungu. Juu ya kichwa chake, ukutani, kuna picha ya marehemu baba mkwe ndani ya fremu. Marehemu yuko wazi kabisa. Picha zote kumi na mbili. Kijisanduku kilimwona, kikampenda, kikakaa kwake.

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaiangalia picha ya mwisho kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Baba yenu alikuwa hivyohivyo. Akishaingia chumbani, mimi sionekani tena." Akainuka, akaenda jikoni, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akaniomba nimchapie moja.

Kwa hiyo jaribio limefaulu. Mteja ameguswa mpaka kulia. Ile ya zamani haijawahi kumliza mtu kwa namna nzuri.

Jumapili, 9 Machi

Bado sijaamua. Jana niliirudisha kamera kwa shingo upande, na leo nimezipanga lenzi zangu tano mezani, nikazifuta moja moja. Mke wangu akapita, akauliza kama tumefiwa.

Nikamweleza pande zote mbili: watoto upande huu, kijisanduku upande ule. Akasikiliza mpaka mwisho, maana ndiyo kazi yake. Kisha akasema kwamba kwa miaka kumi na miwili ananiona nikifanya jambo moja. Nasimamisha watu. Nalenga. Kisha nawaambia, "Sogeeni mbele kidogo." Wanasogea. Ndipo nabonyeza. Akasema kamera hailaumiki. Imelenga walipokuwa, si walipo.

Nimelifikiria hilo kwa haki. Ni mawazo ya kikarani. Mtu akiandika maneno ya mashahidi kutwa nzima, kila kitu anakiona kuwa ni nani alisimama wapi.

Wakati huohuo, mpango wa pili. Shemeji alikuja kuchukua viatu. Nikamwambia, kama ndugu, kwa siri, kwamba Kope ni mzuri, sikatai, ila kamera yake haina huruma. Inaona kila kitundu cha ngozi. Nikamwambia yuko bibi harusi mmoja alipoona albamu yake alijifungia chumbani. Nani? Sikumtaja kwa sababu hayupo. Shemeji akajishika kidevu. Ana chunusi tatu pale, za mawazo ya harusi. Akasema atafikiri.

Sikulala mchana. Nilikuwa naona raha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimehama.

Sikuweza kusubiri. Saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa muuza kamera na begi begani. Lenzi tano, kamera ya zamani, flashi, na mguu wa chuma wa kusimamishia, vyote nimeviacha pale. Nimetoka na kamera mpya na lenzi moja. Mzee akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Alipoichukua ile ndefu yenye mkwaruzo niligeuka nikaangalia barabarani.

Kamera ina kijitabu cha maelezo, kurasa mia nne. Nimekiweka mahali salama.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi. Shemeji amekuja studio mwenyewe. Kazi ya harusi ni yangu, Kope hatakiwi. Ule mpango wa chunusi umefanya kazi kama saa.

Nikamuuliza, kwa unyenyekevu, nini kilichomvutia kwangu. Akasema amepitia picha zote za kustaafu kwa mama yake na ameona kwamba mimi siumbui mtu. Hakuna chunusi, hakuna kunyanzi, hakuna jasho. "Hata pua huioni vizuri, shemeji." Akasema anataka hasa zile za ukungu. Gauni tu ndilo lionekane vizuri, maana limeshonwa miezi mitatu na lina shanga ambazo mama mkwe alizitia kwa mkono wake, moja moja, baada ya kustaafu. Uso niufunike kama nilivyomfunika mama.

Nikamwahidi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na akasema nimemtoa kwenye wasiwasi mkubwa, alikuwa halali.

Alipoondoka niliketi kwenye stuli yenye mguu mfupi. Kamera ya ukungu sinayo. Ninayo ya kope.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna tatizo lisilo na akili yake. Mafuta ya mgando.

Wapigapicha wa zamani walifanya hivi: unapaka mafuta kidogo kwenye kioo cha lenzi, sura inalainika. Nimenunua kikopo hapo mbele, duka la dawa. Mfamasia akauliza ni ya midomo au visigino. Nikamwambia ni ya kazi.

Jaribio la kwanza, nilipaka kioo kizima. Kijisanduku cha kijani kikapotea njia. Kikaenda juu, kikashuka, kikarudi, kama mtu aliyepoteza ufunguo mchangani. Kamera ikakataa kupiga. Jaribio la pili, nikaacha duara dogo safi upande wa chini na kupaka sehemu nyingine yote. Nikamwita mfamasia akae kwenye stuli. Uso: ukungu mtamu. Kifungo cha koti: wazi kabisa, unasoma mpaka herufi zake.

Ndicho hasa alichoagiza shemeji. Uso juu, ukungu. Gauni chini, wazi. Najiuliza kwa nini hawajanipa cheti.

Mke wangu ameuliza kwa nini kamera mpya inanuka kama mtoto aliyeogeshwa. Nimemwambia asiingilie ufundi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika alasiri hii nikiwa nimeketi nyuma ya ukumbi, kwenye viti vilivyopangwa juu ya vingine. Wanakula. Sina hamu.

Asubuhi kila kitu kilikwenda sawa. Nilipaka mafuta nyumbani, taratibu, kwa pamba. Nikawapanga nje, ngazi za ukumbi, bibi na bwana harusi na wazee wa pande zote. Jua lilikuwa kali. Nikapiga kwa kujiamini, mara mia, mara mia mbili. Kijisanduku kilinitii. Mama mkwe alinitazama na kutikisa kichwa kidogo, kutikisa kwa kukubali, kwa mara ya kwanza tangu nioe.

Sikufikiria kwamba mafuta yanayeyuka.

Yaliyeyuka. Yalishuka kutoka juu ya kioo hadi chini, polepole, na mimi nikibonyeza. Juu pakawa safi. Chini pakajaa. Shemeji alikuja kabla ya chakula, gauni ameliinua kwa mikono miwili, anacheka, akaomba aone hata moja tu. Nikamwonyesha. Sikuwa nimeangalia.

Gauni halipo. Pale penye gauni pana wingu. Shanga za mama yake hazionekani hata moja. Juu ya wingu kuna uso, na uso uko wazi kuliko uso wowote niliowahi kupiga maishani. Chunusi tatu. Ya nne, ya leo asubuhi, ambayo hata yeye hakuwa anaijua.

Hakupiga kelele. Aliangalia ya kwanza, ya pili, ya tano. Kisha akanirudishia kamera kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Shemeji," akasema, "nilikuomba kitu kimoja." Akageuka kwenda kwa wageni na alipofika mlangoni nilimwona anajaribisha tabasamu kabla ya kuingia.

Nilitaka kumfuata. Nikakutana na Kope mlangoni. Mama mkwe alimwalika kama mgeni, si kwa kazi. Amevaa gauni la kijani alilojishonea. Begani ana kamera. Nikaitambua kabla ya yeye kuifikisha karibu, kwa ule mkwaruzo wa kwenye lenzi ndefu. Akanipa shikamoo, Mwalimu. Akasema aliikuta kwa muuza kamera Jumanne, akaipenda hapohapo. Kioo cha zamani kina ulaini ambao hiki kipya hakina. Akanishukuru kwa kuzitunza lenzi vizuri hivyo.

Aliongea kwa moyo mweupe. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Bahasha imeletwa. Kope amepiga picha arobaini tu, za kujifurahisha mwenyewe, amempa mama mkwe zawadi. Mke wangu akazipanga mezani kama vielelezo vya kesi.

Shemeji amekaa karibu na dirisha, anamcheka mama yake. Chunusi zipo, ukizitafuta. Huzitafuti. Shanga zote zinaonekana. Kwenye nyingine mama mkwe anamrekebishia shela, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto anayeandika, na yuko wazi: miwani, kunyanzi, macho, yote. Sikujua ana macho ya rangi ile. Nimemjua miaka kumi na mitatu.

Kamera yangu. Lenzi zangu. Fokasi ileile iliyozeeka.

Kwa muda wa kama dakika mbili nilipatwa na wazo baya sana kuhusu mimi mwenyewe. Niliketi kitandani. Mke wangu akaja akakaa pembeni yangu, na ni mara chache anakaa hivyo bila ushahidi mkononi. Akasema si aibu mtu kujifunza upya. Akasema mama yake hana kinyongo, ila shemeji apewe siku mbili tatu kisha niende mwenyewe kumwomba radhi, bila kamera.

Nilishika mkono wake. Nilikuwa karibu sana kusema ndiyo, ni mimi.

Kisha likanijia. Lenzi zile zimekaa kwangu miaka kumi na miwili. Jicho langu, subira yangu, ladha yangu, vyote vimeingia humo. Kope amekuta zimeshafundishwa. Kazi ile ya jana, ukiichunguza kwa haki, nusu yake ni yangu.

Nikamweleza mke wangu. Akauondoa mkono wake na kwenda kupiga pasi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kwa shemeji, nikaomba radhi. Nilisema samahani kwa niaba ya mafuta. Akanitazama, mume wake akanitazama, wakanipa maji ya kunywa.

Kutoka hapo nikapitia kwa Kope. Bado ana cherehani kwenye kona, amefunika kitambaa. Nikamwambia tubadilishane: achukue ile mpya, anirudishie ya zamani. Nilidhani atarukia. Akasema hapana, Mwalimu, ameshaizoea. Lakini akasema, kama sitaona vibaya, nije Jumamosi na kamera yangu, tupige watu barabarani saa mbili tatu. Akasema kuna jambo dogo tu, la kuwaacha watu watulie kwanza walipo, ndipo ulenge. Jambo la mchana mmoja. Aliliona siku zile nilipokuwa namfundisha, akaona haya kunisahihisha.

Nikamshukuru. Nikamwambia nitaangalia ratiba.

Niliangalia ratiba njiani. Jumamosi niko huru kabisa. Lakini kuna mambo ambayo mtu hafanyi barabarani, mbele za watu wanaomjua.

Jumatatu, 24 Machi

Siku njema kuliko zote mwezi huu.

Muuza kamera ameniambia kwamba kuna mfumo wa tatu unakuja. Huo hausubiri jicho. Unabashiri mtu atakuwa wapi kabla mwenyewe hajaamua kwenda. Macho yangu yalijaa machozi palepale kaunta. Amesema niijaribu kwanza hii niliyo nayo, nisome kijitabu. Nimemwambia aandike jina langu juu kabisa ya orodha. Ameliandika, kisha akarudi kufuta kioo kwa nguvu kuliko kawaida.

Na la pili. Nimebandika tangazo mlangoni kwa studio: Mafunzo ya kuchagua kamera, kwa wapigapicha wanaoangushwa na vifaa vyao. Mkufunzi ametumia mifumo miwili ndani ya wiki moja. Kufikia saa tisa wamejiandikisha watu wanne, mmoja wao mfamasia. Mke wangu alilisoma tangazo mpaka mwisho, akasahihisha nukta moja, akaenda zake kazini.

Somo la kwanza nimelitoa leoleo. Nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa: KOSA HALIANZII MKONONI. Wakanakili. Mama mmoja wa mbele, ambaye picha zake hutoka vizuri na sijui kwa nini amekuja, akanyoosha mkono na kuuliza basi huwa linaanzia wapi.

Nimempongeza kwa swali. Nimemwambia asubiri kamera ifike.